Ubao wa Bujumbura

Pijo ya baba inanizidi miaka miwili.
Tangu kiharusi kimwangushe, tukamwinua nusu,
imekaa Mabatini, ubavuni mwa jiwe kubwa kuliko nyumba yetu,
na jua la Mwanza hupiga mara mbili:
mara ya kwanza kutoka juu,
mara ya pili kutoka kwenye jiwe.
Dashibodi ilipasuka kama kisigino cha mwezi wa saba.
Urembo wake, ule ukanda wa mbao wa mlango hadi mlango,
ulijikunja, ukabanduka,
ukaacha vibanio nje kama meno.

Injini nzima. Breki nimeweka mpya.
Lakini baba kila tukimsogeza aione
hutazama pale tu, kwenye ufizi ule,
na upande wa mdomo unaomtii bado
husema neno moja:
"Aibu."

Niliuliza Nyakato. Niliuliza Igoma.
Walinitolea plastiki iliyopakwa rangi ijifanye mti.
Kulikuwa na mtu Musoma, hapokei simu.
Kulikuwa na mtu Bukoba, akataka ninunue gari zima,
pamoja na kuku waliotagia kiti cha nyuma.
Mwisho Ndayizeye, dereva wa lori, akasema
Bujumbura hakikosekani kitu.

Wiki tano.
Ukaja umeviringishwa kwenye kitenge kinachonuka mawese,
mzima, mwekundu kama chai ya rangi,
na tundu la saa, na tundu la redio,
hata skrubu zake ndani ya bahasha.
Niliubeba kama mtoto aliyesinzia.
Nikaupachika.

Kisanduku kikakaa penye usukani.
Usukani ukadai nafasi ya kisanduku.

Wenzetu wale, dereva wao hukaa kushoto.
Nilikuwa nimenunua dashibodi ya ndani ya kioo.
Nilicheka peke yangu, nimeukumbatia,
mpaka Nyanjige wa jirani akachungulia
kuuliza kama tumefiwa.

Masalu, seremala wa Bwiru,
mtu wa kuchonga mbavu za mitumbwi, si magari,
aliutazama, akatema ganda la muwa.
"Kwani lazima uutazame usoni?"
Akaupindua kifudifudi juu ya ubao wa mninga,
akachomoa penseli sikioni
na kuuzunguka, taratibu, kona kwa kona.
Alipouinua,
pale chini palikuwa na dashibodi ya baba
kwa mstari mmoja wa risasi.

Penye mkunjo aliulowesha siku nne,
akaukandamiza kwa mawe; mawe hatuna shida nayo.
Tundu la saa lilimponyoka, likawa pana,
akalibana kwa ukanda wa kandambili.
Vibanio vilikuwa kumi na kimoja, nikavunja kimoja,
cha kumi na moja sasa ni kipande cha dumu.
Vanishi mara tatu.
Na mara ya tatu, jioni, wingu la wadudu likatoka ziwani
kama moshi usio na moto,
likatua popote palipokuwa na mng'aro.
Nilitoa wote kwa sindano.
Mmoja nilimwacha, alikuwa ameshazama.

Ule wa Bujumbura umebaki kwa Masalu ukutani.
Kwenye tundu la saa amechomeka patasi.

Jumapili tulimketisha baba kushoto,
kiti ambacho katika gari lake hajawahi kukikalia.
Mkono wa kushoto, ule ule
aliotuchapa tukimpokelea mtu kitu nao,
ukaanza safari mlangoni,
ukapita juu ya mninga polepole,
ukagonga kisanduku, ukakifungua, ukakifunga,
ukaenda mbele kidogo, ukasimama.
Ukucha ukakwaruza. Ukakwaruza tena.

"Kuna mdudu," akasema.

Maneno mawili.
Nikawasha gari haraka
kabla hajakumbuka kunyamaza.